SOMO LA MWEZI HUU: UKIPATA BARUA YA MADAI YA KUEGESHA GARI



Katika somo letu la mwezi huu tutajifunza jambo moja la maisha ya kila siku ambalo limewasumbua watu wengi wa ushirika wetu hapa Uingereza. Ni ile barua inayomfikia mtu nyumbani siku chache baada ya kwenda kununua mkate na maziwa, ikimwambia kwamba gari lake lilikaa kupita kiasi katika kiwanja cha supamaketi, na kwamba anatakiwa alipe £100.

Wengine wetu wakiipata barua hiyo hulipa siku ile ile kwa kutetemeka, hata kama hawana kosa lolote. Wengine huitupa kapuni bila kuisoma mpaka mwisho. Makundi haya mawili yote hupata hasara. Basi neno tunalotaka kulifundisha leo ni moja tu: barua hii ni dai, wala si hukumu. Dai hujibiwa. Tena hujibiwa kwa wakati wake, kwa ukweli, na kwa ushahidi.

1. HABARI YA MAMA MMOJA

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wetu alitujia na bahasha mkononi. Mama huyu ni mjane mwenye watoto watatu, naye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua yenye picha mbili za gari lake. Picha ya kwanza ilionyesha gari likiingia katika kiwanja cha supamaketi saa 08.12, na ya pili likitoka saa 14.53. Barua ilisema gari lilikaa pale saa 6 na dakika 41, na ruhusa ni saa 2 tu. Alitakiwa kulipa £100, au £60 kama angelipa katika siku 14.

Mama alikuwa amekwisha kutenga hizo £60 kutoka katika fedha za viatu vya shule vya watoto. Akatuambia, "Wanangu, mimi sijapelekwa mahakamani tangu nizaliwe. Nitalipa tu, yaishe."

Kijana mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Mama, itupe hiyo. Watu hao hawana nguvu yoyote." Mwingine akaongeza, "Au waandikie kwamba siku ile gari liliendeshwa na mgeni wako, naye amekwisha rudi Mombasa. Watamtafuta wapi?"

Tukamwomba mama aketi kwanza, tukamwuliza, "Mama, siku ile ulifanya nini tangu asubuhi?" Akafikiri, kisha akasema kwamba asubuhi alipita dukani kununua mkate na maziwa ya watoto, akakaa kama dakika 20, akaenda kazini. Kazi yake huanza saa 3 asubuhi na kwisha saa 8 mchana. Alipotoka kazini alirudi katika duka lile lile kununua nyama na mboga za jioni.

Hapo tukaelewa. Alikwenda dukani mara mbili. Kamera ilimwona akiingia asubuhi, haikumwona akitoka. Haikumwona akiingia mchana, ikamwona akitoka. Mashine ikaunganisha safari mbili ikazifanya moja. Kosa la namna hii hutokea mara nyingi katika viwanja vinavyolindwa na kamera, maana gari likipita nyuma ya lori, au namba ikiwa na tope, kamera haiwezi kusoma. Basi mama huyu alikuwa karibu kulipa £60 kwa kosa la mashine.

2. JE, BARUA HII IMETOKA KWA NANI?

Jambo la kwanza ni kujua aliyeiandika. Huko nyumbani, Nairobi au Dar es Salaam, tumezoea maduka makubwa yenye kizuizi mlangoni na askari wake. Unachukua tikiti, unalipa kabla ya kutoka, na yamekwisha. Hapa mara nyingi hakuna kizuizi wala askari. Kuna kamera juu ya mlingoti, na vibao vyenye maandishi madogo. Mgeni hudhani mahali pasipo kizuizi hapana masharti. Sivyo.

Karatasi zinazohusu kuegesha gari hapa ni za namna tatu.

(a) Karatasi ya polisi. Hiyo ni faini ya sheria.

(b) Karatasi ya baraza la mji, ambayo jina lake ni Penalty Charge Notice. Hiyo nayo ina nguvu ya sheria na njia yake maalum ya rufani. Usipoijibu, jambo laweza kufika kwa madalali wa mahakama bila shauri kusikilizwa kwanza mbele ya hakimu. Usiichezee.

(c) Karatasi ya kampuni binafsi iliyopewa kazi na mwenye kiwanja, mathalani supamaketi. Jina lake mara nyingi ni Parking Charge Notice.

Angalieni, ndugu, jinsi majina hayo mawili ya mwisho yanavyofanana. Yote mawili hufupishwa PCN. Lakini lile la baraza lina neno lenye maana ya adhabu, na lile la kampuni lina neno la kuegesha tu. Karatasi ya kampuni si faini. Ni madai ya fedha yanayotokana na mkataba. Wao husema: tuliweka kibao chenye masharti, wewe ukaegesha, kwa hiyo ulikubali masharti yetu. Hakuna mtu anayefungwa gerezani kwa sababu ya dai la namna hii, wala halimpi mtu rekodi ya uhalifu. Mama yetu aliposikia hayo, alishusha pumzi.

3. SHERIA INASEMAJE?

Zamani katika England na Wales makampuni haya yaliweza kulifunga gurudumu la gari kwa chuma mpaka mtu alipe. Sheria iitwayo Protection of Freedoms Act ya mwaka 2012 ilikomesha jambo hilo katika ardhi ya watu binafsi, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012. Lakini sheria hiyo hiyo iliyapa makampuni njia nyingine. Kama dereva hajulikani, kampuni yaweza kumdai mtunza gari aliyeandikishwa, yaani yule ambaye jina lake limo katika kitabu cha Idara ya Serikali iitwayo DVLA. Kampuni iliyo mwanachama wa chama kinachotambuliwa hulipa ada ya £2.50, ikapewa jina na anwani yake. Ndivyo barua ilivyomfikia mama yetu nyumbani.

Hata hivyo, nguvu hiyo ya kumdai mtunza gari ina masharti, na yafaa tuyajue:

(a) Kama hakuna karatasi iliyobandikwa garini, barua haina budi kumfikia mtunza gari katika siku 14, kuhesabu tangu siku iliyofuata siku ya kuegesha. Mathalani, kama gari liliegeshwa tarehe 3 Machi, tarehe 4 ni siku ya kwanza, na tarehe 17 ni siku ya mwisho.

(b) Barua iliyotiwa posta huhesabiwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutiwa. Iliyotiwa Alhamisi huhesabiwa imefika Jumatatu.

(c) Kama karatasi ilibandikwa garini au dereva alipewa mkononi, basi barua kwa mtunza gari huja baadaye: baada ya siku 28 kupita, na kabla ya siku 28 nyingine kwisha.

(d) Kiasi kinachoweza kudaiwa kwa mtunza gari chini ya sheria hiyo hakizidi kile kilichoandikwa katika barua yenyewe aliyopelekewa.

Kama kampuni haikuyatimiza masharti hayo, haiwezi kumdai mtunza gari kwa sheria hiyo. Imebaki kumdai dereva, na hiyo ni kazi yake kumjua. Lakini tusijidanganye. Barua ya mama yetu ilifika siku ya 9, ndani ya wakati wake. Kwa hiyo jambo hilo halikumsaidia, wala hatukulitumia. Hoja isiyo ya kweli hudhoofisha ile iliyo ya kweli.

Tena tukumbuke kwamba Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Ndugu zetu wa Glasgow au Belfast wasiyachukue haya yote kama yalivyo bila kuuliza kwanza.

4. SHAURI LA CHELMSFORD

Watu wengi husema, "£100 kwa kuegesha gari! Hakimu gani atakubali?" Shauri hilo limekwisha kuamuliwa, na hatuna budi kulijua.

Mwezi wa Aprili 2013 mfanyabiashara mmoja, Barry Beavis, aliegesha gari katika kiwanja cha maduka kiitwacho Riverside, mjini Chelmsford. Kiwanja kilikuwa cha bure kwa saa 2. Yeye alizidisha dakika 56, akadaiwa £85 na kampuni ya ParkingEye. Akakataa kulipa, akisema kwamba kiasi hicho ni adhabu kubwa kuliko hasara yoyote waliyopata. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 4 Novemba 2015 mahakimu 7 walitoa hukumu. Mahakimu 6 walimkatalia, mmoja alikuwa upande wake. Walisema kwamba mwenye kiwanja ana haki ya kuhakikisha magari yanatoka ili wateja wengine wapate nafasi, kwamba vibao vilikuwa vikubwa na vyenye kuonekana wazi, na kwamba £85 haikupita kiasi.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, kusema tu "ni fedha nyingi mno" hakutoshi. La pili, uwazi wa vibao ulikuwa sehemu ya sababu za hukumu. Kama kibao kimefichwa na miti, au hakina taa usiku, au maandishi yake hayasomeki, hapo pana jambo la kusema.

Tena tuwe wenye haki kwa pande zote. Kiwanja cha duka kisipokuwa na utaratibu, wafanyakazi wa maofisi ya jirani wangeacha magari yao humo kutwa, na mzee mwenye fimbo angekosa pa kuegesha. Kama kweli tulizidisha wakati, vibao vilikuwa wazi, na hatukuwa na sababu yoyote, basi ni vema kulipa kiasi kile kidogo mapema. Kukata rufani si ujanja wa kukwepa deni la haki.

5. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Soma na kuandika tarehe. Andika siku ya kuegesha, tarehe ya barua, siku iliyofika, na siku ya mwisho ya kujibu. Kwa kawaida hupewa siku 28 kupeleka rufani kwa kampuni. Weka bahasha pia.

Hatua ya pili: Kusanya ushahidi. Risiti za dukani, karatasi ya benki, kitabu cha mahudhurio kazini, barua ya hospitali, picha za vibao. Rudi pale upesi upige picha za mlango wa kuingilia na vibao, mchana na usiku, kabla havijabadilishwa. Mama yetu alipekua koti lake akapata risiti ya mkate na maziwa ya saa 08.29. Kazini walimpa nakala ya kitabu cha mahudhurio: aliingia 09.00, akatoka 14.00.

Hapa tuwaonye wale tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili. Barua hizi hutumia saa za Kizungu. 08.12 ni saa 2 na dakika 12 asubuhi yetu, 14.53 ni saa 8 na dakika 53 mchana. Mama alipoandika mara ya kwanza, aliandika kwamba alitoka kazini "saa 8". Msomaji wa kampuni angedhani ni saa 8 ya asubuhi yao, na ushahidi wote ungeharibika. Katika barua yako andika saa kama walivyoandika wao.

Hatua ya tatu: Nenda dukani. Kampuni ya kuegesha hufanya kazi kwa ajili ya mwenye kiwanja. Onyesha risiti zako kwa adabu katika meza ya wateja, uombe kumwona meneja. Mara nyingi meneja aweza kuiagiza kampuni ifute dai la mteja wa kweli. Akikataa, hujapoteza kitu. Lakini usikae ukimngojea mpaka siku za rufani zipite.

Hatua ya nne: Iandikie kampuni. Andika kwa ufupi, bila matusi. Taja namba ya barua, eleza jambo lenyewe, orodhesha ushahidi, omba dai lifutwe. Peleka nakala tu. Karatasi zenyewe ubaki nazo. Ukipeleka kwa posta, omba cheti cha kuthibitisha kwamba umetia barua. Posta hukitoa bure.

Hatua ya tano: Wakikataa, nenda mbele. Kampuni hizi zimo katika vyama viwili: British Parking Association au International Parking Community. Kila kimoja kina mahali pake pa rufani. Cha kwanza kina POPLA, cha pili kina IAS. Barua ya kukataliwa itakuambia ni kipi. Katika POPLA unazo siku 28 tangu kukataliwa na kampuni, nawe hulipi chochote. Ukishinda, kampuni hufungwa na uamuzi huo. Ukishindwa, wewe hufungwi nao. Kampuni ikitaka fedha bado yapaswa kwenda mahakamani. Lakini fahamu kwamba ukifika huko na kushindwa, kwa kawaida lile punguzo la £60 huwa limekwisha.

Yako pia mambo mengine ambayo watu hawajui kuyasema. Vyama hivyo viwili vina kanuni za pamoja zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Kanuni hizo zinataka mtu apewe dakika 10 za hisani baada ya wakati wake kwisha. Kosa dogo la kuandika namba ya gari katika mashine, mathalani herufi O badala ya sifuri, lafaa kufutwa likithibitishwa. Hali kadhalika, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inataka mtu mwenye ulemavu afikiriwe. Kama mzee anayetembea kwa shida alihitaji muda zaidi, semeni hivyo, mkaonyeshe na cheti cha daktari.

6. HABARI YA KUSEMA KWELI

Tumerudi kwa yule aliyeshauri kumsingizia mgeni wa Mombasa. Jambo hili latufaa tulitazame kwa makini, maana hapa ndipo mtu mwema huteleza akidhani anatumia akili.

Katika madai ya makampuni binafsi, mtunza gari halazimishwi na sheria kusema ni nani aliyeendesha. Aweza kujibu kama mtunza gari tu, akaiachia kampuni ithibitishe dai lake. Wengi hufanya hivyo, hasa ikiwa barua ilichelewa kupita zile siku 14. Kufanya hivyo si uongo. Ni kunyamaza juu ya jambo ambalo huulizwi kwa nguvu ya sheria. Lakini kumtaja mtu ambaye hakuendesha ni uongo. Na uongo huo ukiingia katika karatasi za mahakama, ambazo mwishoni mtu hutia sahihi kwamba ameandika ya kweli, waweza kumletea shida kubwa kuliko £100. Tena angalieni: polisi wakiuliza kwa mujibu wa sheria ni nani aliyeendesha gari, hapo ni lazima kujibu. Tusichanganye mambo haya mawili.

Mama yetu alichagua kusema wazi kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Kwa nini? Kwa sababu ushahidi wake wote ulihusu mahali alipokuwa yeye. Kitabu cha mahudhurio kisingemsaidia kama asingesema kwamba gari lilikuwa naye. Barua yake ilikuwa hivi, nasi tukamsaidia kuiweka katika Kiingereza chepesi:

"Kwa wahusika. Nimepata barua yenu yenye namba iliyo juu. Siku ile nilikuja dukani mara mbili. Mara ya kwanza niliingia 08.12, nikanunua vitu 08.29, nikatoka kama 08.35. Toka 09.00 mpaka 14.00 nilikuwa kazini. Nilirudi dukani kama 14.20, nikatoka 14.53. Sikuzidisha saa 2 mara yoyote. Naambatanisha nakala ya risiti na ya kitabu cha mahudhurio. Tafadhali tazameni picha zote za kamera za siku ile, mlifute dai hili. Mkikataa, nipeni namba ya kupelekea rufani."

Barua haikuzidi nusu ukurasa. Haikulaumu mtu, wala haikuomba huruma. Ilisema mambo yalivyokuwa.

7. HASARA YA KUNYAMAZA

Na yule kijana aliyesema, "Itupe"? Wiki chache baadaye alitueleza habari yake mwenyewe, naye ameturuhusu tuiandike bila jina.

Miaka miwili nyuma alipata barua kama hiyo, akaitupa. Zikaja nyingine zenye maandishi mekundu kutoka kwa wakusanya madeni, kiasi kikaongezwa £70. Akazitupa pia. Katika hilo hakukosea sana kuwaogopa kidogo, maana wakusanya madeni hawana mamlaka ya kuingia nyumbani mwa mtu wala kuchukua mali. Hao si madalali wa mahakama. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba karatasi zote zitakazokuja ni za namna moja. Baadaye alihama nyumba, asiijulishe DVLA anwani mpya. Kampuni ikapeleka madai mahakamani, karatasi zikaenda anwani ya zamani, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, hukumu ikatolewa. Alijua siku aliponyimwa nyumba ya kupanga, alipoambiwa kwamba ana hukumu ya deni.

Basi shikeni haya. Ukipata barua inayosema watakupeleka mahakamani usipojibu katika siku 30, ijibu. Ukipata hati ya madai kutoka mahakamani yenyewe, usilale nayo. Unazo siku 14 tangu ihesabiwe kuwa imefika kusema kwamba umeipata, na ukifanya hivyo unapata jumla ya siku 28 kuleta utetezi wako. Hukumu ya deni ikitolewa hukaa katika daftari miaka 6, na kumharibia mtu nafasi ya kukopa au kupanga nyumba, isipokuwa akiilipa yote katika mwezi mmoja. Kama hukumu ilitolewa bila wewe kujua, waweza kuiomba mahakama iiondoe, lakini yakupasa kufanya hivyo upesi, na mara nyingi kuna ada.

Kijana wetu amekwisha peleka maombi hayo. Twangojea jibu. Yeye mwenyewe amesema, "Ningalijibu ile barua ya kwanza, ningalitumia jioni moja tu."

Kwa hiyo kila mwenye gari ahakikishe anwani yake katika karatasi za gari ni ile anayokaa. Ni sheria, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini hata £1,000. Na yeyote asiyejua Kiingereza vizuri, au anayeogopa karatasi, asikae nazo peke yake. Ofisi za Citizens Advice hutoa msaada bure katika miji mingi.

8. MWISHO WA HABARI YA MAMA

Meneja wa duka alimsikiliza mama kwa upole, lakini akasema jambo hilo liko kwa kampuni. Kampuni ikajibu baada ya wiki tatu kwamba kamera zake hazionyeshi safari ya pili, kwa hiyo dai linabaki. Mama alikata tamaa kidogo. Lile punguzo lilikuwa limepita, na sasa zilikuwa £100. Akatuuliza, "Wanangu, mna hakika?" Tukamjibu, "Mama, hatuwezi kukuahidi ushindi. Lakini ulikuwa kazini, na kitabu kinasema ulikuwa kazini."

Akapeleka rufani POPLA, kwa maneno yale yale na karatasi zile zile, akiongeza barua kutoka kwa msimamizi wake wa kazi. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya mistari miwili: kampuni imeamua kutoendelea na dai, na rufani imekubaliwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Mama aliikunja barua ile akaitia katika mkoba wake, kisha akaenda kununua viatu.

Tunaliandika hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu tumeona ya kuwa mtu mnyonge akiwa na ukweli, na akiuweka katika karatasi kwa wakati wake, aweza kusikilizwa. Lakini mara nyingi anahitaji mtu wa kuketi naye jioni moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kuna tofauti gani kati ya karatasi ya baraza la mji na karatasi ya kampuni binafsi?

2. Gari liliegeshwa tarehe 10 Mei, wala hapakuwa na karatasi garini. Siku ya 14 ni tarehe ngapi?

3. Kwa nini mama alichagua kusema kwamba yeye ndiye aliyeendesha?

4. Eleza tofauti ya kunyamaza na kusema uongo katika jambo hili.

5. Wakusanya madeni na madalali wa mahakama wanatofautianaje?

6. Je, katika ushirika wetu ni nani anayekaa na barua asiyoielewa, naye anaona haya kuuliza? Tutamfikiaje?

(Jibu la swali la 2: tarehe 24 Mei.)